Sentimita Kumi na Tisa za Utepe

Wimbo "Money" wa bendi ya Pink Floyd unaanza na kelele. Sarafu zinagongana, karatasi inachanwa, mashine ya fedha ya dukani inalia na droo yake inafunguka. Kelele hizo zinajirudia kwa mpangilio ule ule mpaka sikio linaanza kuzihesabu bila kuambiwa: moja hadi saba, kisha moja tena. Ndipo gitaa la besi la Roger Waters linapoingia juu yake, nalo limekaa sawasawa ndani ya hiyo saba. Siku hizi kijana mwenye kompyuta anaweza kupanga sauti za namna hiyo kabla chai yake haijapoa. Mwaka 1972 zilipangwa kwa rula, wembe na utepe wa sumaku, na hao waliozipanga walikuwa wanamuziki waliokaa chini na kupima.

Albamu yenye wimbo huo, The Dark Side of the Moon, ilitoka Machi 1973. Ilikaa katika orodha ya Billboard ya albamu 200 bora za Marekani kwa wiki 741 kati ya mwaka 1973 na 1988, na nakala zake zilizouzwa zinakadiriwa kupita milioni 45. Kwa umaarufu wa namna hiyo, mengi yamesemwa juu yake: wazimu, kifo, pesa, muda, mwezi. Wapo wanaoisikiliza kama wahyi. Sina ugomvi nao. Lakini nikiisikiliza mimi, ninachokisikia zaidi ni mikono ya watu kazini. Kila kinachoonekana mazingaombwe ndani yake kilitoka kwenye meza, kwenye waya, kwenye kipande cha utepe kilichokatwa na kuungwa. Hakuna aliyeharakishwa, na hilo linasikika.

Tuanze kabla ya studio, maana kazi yenyewe ilianza huko. Mwishoni mwa mwaka 1971 wanamuziki wanne, Waters, mpiga gitaa David Gilmour, mpiga kinanda Richard Wright na mpiga ngoma Nick Mason, walikubaliana kutunga kazi moja ndefu yenye wazo moja. Walifanya mazoezi London, na Januari 1972 wakaipeleka jukwaani mjini Brighton, zaidi ya mwaka mzima kabla haijauzwa dukani. Usiku huo walipofika kwenye "Money" mitambo ikawagomea, wakalazimika kuiacha kazi hiyo njiani na kupiga muziki mwingine. Mwezi uliofuata waliipiga yote kwa siku kadhaa katika ukumbi wa Rainbow, London. Waliendelea kuipiga mji kwa mji, wakiipunguza hapa, wakiiongeza pale. Kipande kilichochosha wasikilizaji kilijulikana siku hiyo hiyo. Walipoingia studio kurekodi, vidole vyao vilikuwa vimeshaujua muziki, na akili ikabaki huru kushughulikia sauti.

Bendi nyingi za roki ya progresivu, yaani ile roki ya nyimbo ndefu zenye midundo isiyo ya kawaida, zilijivunia ugumu: nani ana vidole vyepesi zaidi, nani anaweza kubadili mapigo mara nyingi zaidi katika dakika moja. Pink Floyd hawakuwa mafundi wa namna hiyo. Gilmour hupiga noti chache na kuziacha zipumue. Mason hupiga ngoma kwa utulivu wa mtu asiye na basi la kuwahi. Ustadi wao ulikuwa mahali pengine, katika kujua sauti ikae wapi na idumu kwa muda gani. Kwa ustadi huo chombo muhimu kuliko vyote kilikuwa mashine ya kurekodi.

Sasa turudi kwenye zile kelele saba.

Mason ameeleza katika kitabu chake cha kumbukumbu jinsi zilivyokusanywa. Yeye mwenyewe alitoboa matundu kwenye peni za zamani, akazitunga kwenye uzi, na mlio wa sarafu hizo zikitikiswa ukawa sauti mojawapo. Waters alirekodi sarafu zikizunguka ndani ya bakuli kubwa ambalo mkewe alilitumia katika kazi yake ya ufinyanzi. Karatasi ilichanwa tu mbele ya maikrofoni. Mlio wa mashine ya fedha ulichukuliwa kutoka maktaba ya sauti za kuigiza. Hapakuwa na chochote cha gharama hapo. Sarafu, bakuli, karatasi: vitu ambavyo mtoto angechezea jikoni.

Ugumu ulianza baada ya hapo. Utepe wa kazi ya namna hiyo ulikuwa na upana wa robo inchi, yaani kama milimita sita. Ukipita kwenye mashine kwa kasi ya kawaida ya studio za wakati ule, sentimita 38 zinapita kila sekunde. Kwa hiyo muda unageuka urefu. Pigo moja likichukua nusu sekunde, nusu sekunde hiyo ni sentimita 19 za utepe, na inaweza kupimwa kwa rula ile ile ya mwanafunzi wa shule. Mapigo saba ni mita moja na sentimita thelathini na tatu. Fundi hasikilizi tu. Anapima kama fundi cherehani anavyopima pindo.

Kwanza ni kutafuta sauti inaanzia wapi. Mtu anaweka mikono miwili juu ya rili mbili za mashine, anazizungusha taratibu huku na huku, na utepe unapita mbele ya kichwa cha kusomea ukitoa mngurumo mzito, maana sarafu iliyopunguzwa kasi kiasi hicho hailii tena kwa mlio wa sarafu. Anasogeza mbele kidogo, anarudisha nyuma kidogo, mpaka anafika pale kimya kinapokatika na mngurumo unapoanza. Anatia alama mgongoni mwa utepe kwa penseli ya nta. Kuanzia alama hiyo anapima urefu wa pigo, anatia alama ya pili. Analaza utepe kwenye kibao kidogo cha chuma chenye mfereji wa upana wake, na mfereji huo una mwanya wa mshazari wa kupitishia wembe. Anakata. Mkato wa mshazari una sababu yake: sauti moja inapokea nyingine kidogo kidogo, na hakuna mshtuko unaosikika kwenye kiungo. Wembe wenyewe lazima uwe umeondolewa sumaku, la sivyo unaacha mlio mdogo wa "tik" kila unapogusa.

Kipande cha pili, cha tatu, mpaka cha saba. Ncha zinakutanishwa ndani ya mfereji zisipishane wala zisiachane, na gundi maalumu ya utepe inabandikwa mgongoni na kusuguliwa kwa ukucha mpaka viputo vyote vya hewa vitoke. Vile vipande saba havikuwa na sauti za urefu mmoja. Mlio wa sarafu ni mfupi, wa mashine ya fedha ni mrefu. Kinacholingana ni vipande vyenyewe. Mlio mfupi unabaki na kimya chake nyuma, na kimya hicho nacho kina kipimo. Ukikosea kwa milimita moja, kosa ni kama sehemu mbili na nusu za elfu ya sekunde, na hakuna sikio litakalolalamika. Ukikosea kwa sentimita moja, kosa linakuwa mara kumi ya hapo. Ukilisikia mara moja utalisamehe. Lakini kitanzi kinarudi, na kila kikirudi kinakuja na kosa lile lile mahali pale pale, mpaka linageuka kuwa kilema cha wimbo.

Mwisho, ncha ya kipande cha saba inaungwa na ncha ya kipande cha kwanza. Utepe sasa ni duara, hauna mwanzo. Ni mrefu kuliko mashine, kwa hiyo lazima utolewe nje na kuzungushwa kwenye kitu kilichosimama mbali kidogo, na studio za wakati ule zilitumia mguu wa kusimamishia maikrofoni kwa kazi hiyo. Mtu anausogeza mguu huo mpaka utepe unanyooka kiasi. Ukivutwa sana unabanwa na kuchelewa, ukilegea unayumba na sauti inatetemeka. Basi kuna mtu pale, jijini London, katika studio ghali kuliko nyingi za Uingereza, amesimama akisukuma mguu wa maikrofoni kwa kidole, kidogo mbele, kidogo nyuma, akisikiliza sarafu za mwenzake.

Wanaomkumbuka mtangazaji wa redio akikata mahojiano kwa wembe, au waliowahi kuurudisha utepe wa kaseti ndani kwa kalamu ya Bic, wanajua jinsi kitu hicho kilivyo chepesi na jinsi kinavyokasirika haraka.

Kuna jambo dogo katika "Money" ambalo nadhani linaonyesha busara ya waliouandaa. Kitanzi kinaanzisha wimbo na kuwapa wanamuziki mwendo, lakini hakiendelei kusikika hadi mwisho. Kinafifia taratibu. Sababu ni rahisi: kitanzi hakina damu, hakiongezi mwendo wala hakipunguzi, wakati wanadamu wanne wakipiga pamoja huchangamka. Sikiliza wimbo tangu mwanzo hadi mwisho utaona jinsi bendi inavyosonga mbele. Kama kitanzi kingeachwa, kingeanza kuburuzwa nyuma. Wakakitumia kama mtu anayewashika mkono kuvuka barabara, kisha wakakiacha. Saksofoni ya Dick Parry bado inalia ndani ya mapigo saba. Gitaa la Gilmour linapoingia, bendi nzima inahamia mapigo manne ya kawaida, na mguu wa msikilizaji unapata nafuu. Solo hilo la gitaa limegawanywa sehemu tatu. Ya kwanza imejaa mwangwi, gitaa linasikika kubwa kama ukumbi. Katikati kila kitu kinakauka ghafla: mwangwi unaondolewa, ala zinapungua, gitaa linakuwa dogo, karibu, kama liko pembeni ya kiti chako. Halafu ukumbi unarudi. Hakuna noti iliyoongezwa kuleta ukubwa huo. Waliuleta kwa kuuondoa kwanza.

Studio ilikuwa ya kampuni ya EMI, katika barabara ya Abbey Road, na kazi ilianza mapema Juni 1972. Fundi mitambo alikuwa Alan Parsons, mwajiriwa wa EMI mwenye umri wa miaka 23, aliyekwisha kufanya kazi ya msaidizi katika albamu ya Beatles inayoitwa kwa jina la barabara hiyo hiyo. Kazi haikwenda moja kwa moja. Bendi ilikuwa ikitoka na kurudi: ziara za Marekani, maonyesho ya dansi ya bale ya Roland Petit huko Ufaransa. Ilichukua mpaka mwanzoni mwa mwaka 1973 kumalizika. Vipindi hivyo vya kuachana na tepu kwa majuma viliwasaidia, kwa maoni yangu. Sikio lililochoka husamehe mambo ambayo sikio lililopumzika halisamehi.

Mashine yao ilikuwa na traki 16, yaani utepe wa inchi mbili uliogawanywa njia 16 zinazokwenda sambamba, kila moja ikibeba sauti yake. Kumi na sita ni nyingi mpaka uanze kuzijaza. Ngoma peke yake zinakula kadhaa. Weka besi, magitaa mawili matatu, piano, ogani, sauti za waimbaji wawili zilizorudiwa ili ziwe nene, waitikiaji wanne akiwemo Mmarekani Doris Troy, na utepe umejaa kabla wimbo haujakamilika. Dawa yake ilikuwa kuchanganya kundi la traki, kwa mfano ngoma zote, na kulihamisha kwenye traki mbili tu za utepe mwingine mpya, ili nafasi ipatikane. Hapo ndipo subira inapohitaji ujasiri. Ukishahamisha, umeamua: ngoma ya teke haiwezi tena kupandishwa peke yake, tasa haliwezi kushushwa. Na kila uhamisho unaongeza mvumo wa utepe. Mtu asiyejua anataka wimbo wake uishie wapi hawezi kufanya uamuzi huo. Wao walijua, kwa sababu walikuwa wameshaupiga jukwaani miezi kadhaa.

Huku kwetu, tepu za Radio Tanzania Dar es Salaam zilirekodiwa kwa njia nyingine kabisa: bendi nzima inaingia, inajipanga mbele ya maikrofoni chache, inapiga kwa pamoja, na kilichotoka ndicho kilichotoka. Huo nao ni ustadi, na pengine ni mgumu zaidi kwa mpigaji. Ninautaja ili ionekane kwamba traki 16 si ubora. Ni wajibu wa kuamua mara nyingi zaidi.

Saa za mwanzo wa wimbo "Time" ni kazi ya Parsons mwenyewe, na aliifanya kabla wimbo haujazihitaji. EMI ilitaka kuonyesha uwezo wa stirio ya spika nne, naye akachukua mashine ya kubebeka, akaenda kwenye duka la saa za zamani, akarekodi saa moja baada ya nyingine. Alirekodi kwanza mwendo wake wa tiki-taka, kisha mlio wake wa kengele. Bila shaka dukani zilikuwa zikilia zote, na mtu mvivu angeegesha maikrofoni katikati ya duka akangoja saa sita mchana. Angepata zogo. Parsons alitaka kila saa iwe peke yake, ili baadaye aamue ipi ikae kushoto, ipi kulia, ipi ianze nusu sekunde mbele ya mwenzake. Studio akazilaza kwenye traki tofauti na kuzipanga zilie kwa pamoja. Unapozisikia zinalipuka mara moja na kukurusha kwenye kiti, jaribu safari nyingine kufuata moja tu. Utaweza. Ile yenye sauti nzito ya shaba haiifuniki ile ndogo inayolia kwa haraka pembeni. Kila moja ina nafasi yake kwa sababu kila moja ilifuatwa ilipokuwa.

Baada ya saa kutulia, kuna kama dakika mbili ambamo karibu hakuna kinachotokea. Waters amebana nyuzi za besi kwa kiganja na anazigonga, tok-tok, tok-tok, kama saa ya mbao. Mason anazunguka kwenye rototomu, ngoma ndogo zisizo na mzinga ambazo hupandishwa na kushushwa mlio kwa kuzungushwa. Anapiga mara chache na kuacha mwanya mrefu. Bendi nyingine ingekata utangulizi huo uwe wa nusu dakika. Mason anauacha, na ule mwanya kati ya pigo na pigo ndio unaomfanya mtu ajue kwamba wimbo huu unahusu muda, kabla hata mwimbaji hajafungua kinywa.

"On the Run" siupendi sana kama muziki, na nikiwa peke yangu mara nyingine nauruka. Kama kazi ya mikono, hata hivyo, unastahili kusimama na kutazama. Jukwaani mahali pake palikuwa na kipande cha gitaa na kinanda kisicho na uso maalumu. Kisha ikafika sintesaiza mpya iitwayo Synthi AKS, iliyotengenezwa na kampuni ya EMS ya London, iliyofungwa ndani ya mkoba kama wa mwanasheria, kibodi yake ikiwa kwenye kifuniko. Ilikuwa na uwezo wa kukumbuka mfululizo wa noti na kuurudia. Waliingiza noti nane, polepole, moja moja. Halafu wakageuza kitasa cha mwendo, na zile noti nane zikaanza kukimbia kwa kasi ambayo hakuna kidole kingeiweza. Kuanzia hapo hakuna noti nyingine iliyohitajika. Kazi yote iliyobaki ilikuwa ya vitasa: kufungua kichujio ili sauti iwe kali, kukifunga iwe butu, kuipitisha kutoka spika ya kushoto kwenda ya kulia. Mlio wa "tss-tss" unaofanana na tasa ulitoka kwenye mashine hiyo hiyo, kwa kukata mvumo mtupu vipande vifupi. Nyayo zinazokimbia ni za msaidizi wa Parsons aliyekimbia huku na huku ndani ya studio mbele ya maikrofoni, akihema. Yupo mtu aliyelipwa mshahara kwa kazi hiyo siku hiyo, na pumzi yake imesikika na mamilioni.

Karibu na mwisho kikaja kipande ambacho hakikuweza kupimwa kwa rula. Wright alikuwa na muziki wa piano wenye mabadiliko ya kodi ambayo mpaka leo wapiga kinanda wanayachambua, na bendi ilikuwa imejaribu kuweka juu yake sauti mbalimbali za kurekodiwa bila kuridhika. Januari 1973, albamu ikiwa karibu imekwisha, Parsons akapendekeza mwimbaji aitwaye Clare Torry. Alikuja Jumapili jioni, kwa malipo ya kawaida ya mwimbaji wa kukodi, pauni 30. Hapakuwa na maneno ya kuimba. Walimwambia tu muziki unahusu nini. Alipojaribu kutia maneno ya kawaida ya nyimbo za mapenzi walimkatalia, basi akaamua kujifanya ala. Aliimba mara mbili, akaanza ya tatu na kuiacha katikati kwa kuona kwamba anajirudia. Akaondoka akidhani hawataitumia.

Hapo mafundi walirudi kwenye kazi yao. Wakasikiliza mara zote hizo, sentensi kwa sentensi, wakachagua: kilio hiki kutoka hapa, mteremko ule kutoka kule, na kuvifanya viwe pumzi moja. Sikiliza sehemu ya pili ya "The Great Gig in the Sky", pale sauti inaposhuka na kuwa nyembamba karibu kuvunjika. Huwezi kusema kiungo kiko wapi, na ninashuku hata waliokifanya wangetafuta sana. Kwa miaka mingi wimbo ulibeba jina la Wright peke yake kama mtunzi. Torry alifungua kesi mwaka 2004, mwaka uliofuata wakapatana nje ya mahakama, na tangu hapo jina lake linaandikwa pamoja na la Wright. Ilikuwa haki. Alichokifanya jioni ile kilikuwa utunzi, hata kama kilichukua muda mfupi kuliko kitanzi cha sarafu.

Sauti za watu wanaozungumza kati ya nyimbo zilipatikana kwa utaratibu wa karani. Waters aliandika maswali kwenye kadi, akazipanga kifudifudi juu ya stendi ya kuwekea nota. Mtu aliyekuwapo jengoni aliitwa, akaketi mbele ya maikrofoni, akafunua kadi moja na kujibu, kisha inayofuata. Walianza na maswali mepesi na kusogea taratibu kuelekea hofu ya kifo, hasira, wazimu. Paul McCartney na mkewe Linda, waliokuwa wakirekodi jengo hilo hilo na bendi yao ya Wings, walihojiwa pia, na majibu yao hayakutumika. Mtu aliyezoea maikrofoni maisha yake yote hujilinda. Yaliyotumika zaidi ni ya watu wa nyuma ya jukwaa na ya Gerry O'Driscoll, bawabu wa studio, Mwairishi, ambaye hakuwa na haja ya kumpendeza yeyote. Kumwacha McCartney nje na kumwingiza bawabu kunahitaji sikio linalosikiliza sauti na kusahau jina.

Mapema Februari ukafika wakati wa kuchanganya. Chris Thomas aliletwa kama mtu wa nje, kwa sababu Waters alitaka sauti kavu na Gilmour alitaka mwangwi zaidi, na wote wawili walikuwa na hoja. Meza ya kuchanganyia ya wakati ule haikuwa na kumbukumbu. Kila traki ilikuwa na kishikizo chake cha kupandisha na kushusha, na wimbo ukichezwa watu walisimama bega kwa bega, kila mmoja na vishikizo vyake, kila mmoja na zamu yake: wewe pandisha sauti ya bawabu hapa, wewe shusha ogani pale, wewe geuza mwangwi neno hili likiisha. Ilikuwa ni kupiga muziki kwa mara ya pili. Mmoja akichelewa, wote wanarudi mwanzo.

Tena nyimbo hizo hazikupaswa kuachana. Katika kila upande wa sahani, wimbo mmoja unaingia ndani ya mwingine bila kimya, kwa hiyo mwisho wa huu ulipaswa kuwa na nguvu, rangi na mwangwi unaokubaliana na mwanzo wa ule. Pigo la moyo linalofungua na kufunga albamu ni ngoma ya teke ya Mason, iliyofunikwa ili mlio wake usiwe mkali. Kipande cha mwanzo ni sampuli ya kila kitu kitakachokuja: moyo, saa, mashine ya fedha, kicheko, sauti ya Torry, vyote vikipita haraka. Kipande hicho kilipangwa baada ya kila kitu kingine kuwapo, maana huwezi kukata sampuli ya kitambaa ambacho hujakifuma.

Mwaka 2003, fundi sauti James Guthrie alipotengeneza mchanganyiko mpya wa spika tano na ya besi, hakutumia tepu za pili ambamo traki zilikuwa zimeshaunganishwa. Alirudi kwenye tepu za kwanza, zile za kabla ya uhamisho, ili apate ngoma kama zilivyopigwa siku ya kwanza. Kufanya hivyo kulimlazimu aipitie tena, moja moja, mizani ambayo Parsons na bendi walikwisha kuiamua na kuifunga miaka thelathini nyuma: ngoma ya teke kiasi gani, tasa kiasi gani, mwangwi uanzie neno lipi. Safari hii alikuwa na kompyuta ya kumkumbushia kila alichogusa.